Kabla Kanga Haijawa Tambara: Mwongozo wa Kuanzisha Makumbusho ya Mavazi Kijijini

Kanga kuukuu ina safari yake. Huanza kuwa vazi la kutokea, ikafifia ikawa ya kushindia nyumbani, ikawa mbeleko, ikakatwa nepi, mwisho ikawa tambara la kupigia deki. Hakuna ubaya katika safari hiyo, ndivyo nguo inavyotumika. Ubaya ni pale inapopita doti ya mwisho ya aina yake na hakuna aliyeiona ikipita. Huku kwetu pwani ya Unguja nimeona sanduku la bibi likifunguliwa siku chache baada ya maziko, na kabla wiki haijaisha buibui la kamba limeshachanwa, ukaya, kile kitambaa cha kujifunika kichwani, haujulikani ulipo, na kofia ya babu, iliyoshonwa kwa mkono kwa miezi, imevalishwa mtoto anayechezea udongo.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye chumba kimoja, nguo kumi au ishirini, na wenzake wawili watatu wenye nia. Mifano yangu mingi ni ya pwani kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa vidole, lakini kazi ni ileile kwa ngozi za Wagogo, shanga za Wamasai au mavazi ya ngoma ya Wasukuma.

Hatua ya kwanza: kaeni kitako kabla ya kutafuta jengo

Watu wengi huanza na ukuta na bati. Anzeni na watu. Nendeni kwa sheha au mwenyekiti wa kijiji, kwa imamu au mchungaji, na zaidi ya wote kwa wanawake wazee, maana masanduku ni yao. Waelezeni mnachotaka, kisha nyamazeni wao waseme. Mkipata nafasi, nendeni Bujora, Kisesa, kilomita chache kutoka jijini Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma pale yaliasisiwa na padri David Clement kuanzia miaka ya 1950, naye hakuyajenga peke yake: aliwashirikisha Wasukuma wenyewe, na hata leo vifaa vya vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinasimuliwa na watu ambao bado wanacheza ngoma hizo. Mtatoka pale mmejifunza kuliko katika semina kumi.

Jambo la kukubaliana mapema ni hili: nguo ikija, ni ya nani? Kuna njia mbili tu zilizo safi. Ya kwanza ni zawadi, mwenyewe ameitoa moja kwa moja. Ya pili ni amana. Neno hili halihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa pwani, kila mtu anajua uzito wa kula amana ya mwenzake. Andikeni karatasi mbili zinazofanana, moja abaki nayo mwenye nguo. Ndani yake pawe na jina lake, nguo yenyewe, hali yake siku ilipopokewa, ni zawadi au amana, nani ataichukua yeye akifariki, na itarudi wapi makumbusho yakifungwa. Hilo la mwisho watu huona haya kuliandika. Liandikeni. Chumba kinaweza kufungwa mwaka wa tatu, na ugomvi wa nguo za marehemu hauishi.

Msinunue kwa haraka, wala msipokee kitu ambacho aliyekileta hawezi kusema amekipata wapi. Vigango vya Wamijikenda, vile vibao vya kuchongwa vinavyosimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki, viliibwa vikauzwa hadi vikafika katika makumbusho ya Marekani, na imechukua miongo kurudisha baadhi yake Kenya. Kila mkono uliopokea bila kuuliza ulisaidia wizi ule. Na kama mtu ataleta vitu vilivyochimbuliwa ardhini, kama sarafu, shanga za kale au vigae, msivipokee kabisa. Mpelekeni kwa wahusika. Kwa Tanzania Bara ni Idara ya Mambo ya Kale, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1964, Zanzibar kuna idara yake ya makumbusho na mambo ya kale, na Kenya kuna Makumbusho ya Taifa chini ya sheria ya mwaka 2006. Tembeleeni ofisi hizo pia kujitambulisha. Huko kuna wataalamu ambao wanaweza kuja siku moja kuwaangalizia kazi, na ni vizuri mjulikane kabla ya shida.

Hatua ya pili: daftari kabla ya kabati

Ukiniuliza kitu kimoja ambacho makumbusho ya kijiji hayawezi kuishi bila hicho, nitakwambia ni daftari. Nguo isiyo na maneno ya mwenyewe ni kitambaa tu. Kitambaa hata dukani kipo.

Pokea nguo ukiwa umeketi, nyumbani kwake, bila haraka. Uwe na mwenzako mmoja, mmoja aulize na mwingine aandike, au uombe ruhusa urekodi kwa simu. Usianze na "hii ni ya mwaka gani?", wazee wachache huhesabu maisha yao kwa miaka ya kalenda. Uliza kwa matukio: ilikuwa kabla ya Mapinduzi au baada? Ulikuwa umeshaolewa? Nani alizaliwa mwaka ule? Kwa majibu hayo mwaka utaupata mwenyewe baadaye.

Kuna bibi mmoja aliyetuletea kanga nyekundu iliyofifia, pindo zimechanika upande mmoja. Nusura tuiandike "kanga, nyekundu, imechakaa" tukaendelea na nyingine. Nikamuuliza tu:

"Bibi, hii uliinunua wapi?"

"Sikuinunua, mwanangu. Nililetewa."

"Na nani?"

"Na wifi yangu. Siku ya arobaini ya mtoto. Hebu soma jina lake."

Nikasoma: *Wema hauozi*.

"Basi," akasema. "Tulikuwa hatusemezani mwaka mzima. Siku ile alikuwa akiniomba radhi."

Hakuna mtaalamu duniani ambaye angeigeuza kanga ile juu na chini akaliona hilo. Lilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na miaka zaidi ya themanini.

Kwa hiyo daftari liwe gumu, la kushonwa, lisilochomoka karatasi. Andika kwa penseli au wino usiotoka kwa maji, usiandike kwa kalamu ya wino unaofutika kwa tone moja la mvua. Kila nguo ipewe namba. Mtindo rahisi ni mwaka, namba ya mtoaji, kisha namba ya kitu: 2025.4.2 maana yake ni kitu cha pili kutoka kwa mtu wa nne aliyeleta mwaka 2025. Mbele ya namba andika ni nini na inaitwaje kwa lugha ya mahali hapo, nani aliishona au aliinunua wapi, nani aliivaa na siku gani, urefu na upana kwa sentimita, rangi, kasoro zote, imetoka kwa nani, na iko rafu gani. Maneno ya mwenyewe yaandike kama alivyoyasema. Akisema "shumizi" usiandike "vazi la ndani".

Namba iifuate nguo. Chukua utepe mweupe wa pamba, andika namba kwa wino wa kudumu, uache ukauke vizuri, kisha ushikize kwa mishono miwili mitatu mepesi kwenye pindo la ndani, mahali ambapo hauonekani. Usitumie pini, stepla, gundi wala selotepu. Hewa ya pwani ina chumvi. Pini ya leo ni doa la kutu la mwakani, na kutu haitoki bila kula kitambaa.

Kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa mpya za daftari uzihifadhi mahali pengine, nje ya jengo hilo. Mwezi Desemba mwaka 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na ambalo kwa miaka lilikuwa makumbusho, iliporomoka mchana kweupe mbele ya macho ya watu wa Mji Mkongwe. Kama jumba lile liliweza kuanguka, chumba chetu cha matofali kina nini?

Hatua ya tatu: jifunze kuisoma nguo

Kanga isome hivi. Tandaza meza safi, weka kitambaa cheupe, itandike kanga juu yake. Tazama pindo linaloizunguka, kisha mji, yaani sehemu ya katikati, kisha jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Kama jina limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, umeshika nguo ya zamani, kwa kuwa majina yalianza kwa herufi hizo kabla ya kuhamia za Kirumi. Kama halina jina kabisa, usidhani ni kasoro: kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi, mara nyingi haina jina. Angalia ukingoni kama kuna maandishi madogo ya mwenye biashara. "Mali ya Abdulla" ni alama ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara iliyoanza mwaka 1887, na ndiyo inayotajwa sana kwa kueneza mtindo wa kuandika majina kwenye kanga. Kanga nyingi za zamani zilichapwa ng'ambo, Uingereza, Uholanzi, baadaye India na Japani. Zilizochapwa Urafiki, Dar es Salaam, haziwezi kuwa za kabla ya mwaka 1968, kwa kuwa ndipo kiwanda kile kilipofunguliwa. Mwisho, angalia kama ni doti nzima au kipande kimoja. Kama ni kimoja, uliza kingine kiko kwa nani. Mara nyingi kiko kwa dada mtu, na hapo una hadithi ya pili.

Kofia ndiyo inayonishika moyo, nivumilie nikiirefusha. Kofia ya mkono ina vipande viwili, duara la juu na ukuta unaozunguka kichwa, na kila kipande ni tabaka za kitambaa cheupe zilizoshonwa pamoja. Mchoro huchorwa kwanza kwa penseli. Kisha mshonaji hutoboa tundu, tundu moja baada ya jingine, na kila tundu hulizungushia uzi hadi linakuwa kijicho kidogo kilichokaza. Hivyo ndivyo viua. Ishike kofia dhidi ya mwanga wa dirisha: utaona nukta za mwanga mamia kwa mamia, na kati yake sehemu ngumu za uzi zinazojenga nyota, majani au mwezi. Sasa igeuze ndani. Kama upande wa ndani una uzi mmoja wa chini unaokimbia bila kukatika, ni ya mashine. Kama kila kijicho kina mwanzo wake na mwisho wake, na hapa na pale mkono umechoka ukaruka kidogo, ni ya mkono, na umeshika kazi ya wiki nyingi, pengine miezi. Ukiangalia vizuri kofia nyingine, utakuta upande mmoja viua vimebana na upande mwingine vimelegea. Ni mikono miwili. Mama alianza, binti akamaliza, au fundi wa mchoro alikuwa mmoja na wa kushona mwingine. Liandike hilo, na uulize majina yao.

Jambo hilihili la kugeuza ndani litumie kwa kanzu yenye shingo iliyodariziwa. Uzuri wa darizi uko nje, ukweli wake uko ndani.

Hatua ya nne: mgeni hulala nje kwanza

Nguo mpya isiingie moja kwa moja chumba cha nguo nyingine. Iweke wiki kadhaa katika chumba kingine, ndani ya nailoni nene safi iliyofungwa kwa utepe, chini yake karatasi nyeupe. Ukiona ungaunga, mayai, maganda au tundu jipya, kuna mdudu. Nondo hula sufi na hariri. Pamba hawaipendi sana. Adui wa pamba ni mende na yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha anayekimbia kwenye vitabu vikuukuu, nao hufuata wanga. Kofia na kanzu zetu zimepigwa wanga maisha yake yote, kwa hiyo ni chakula kilichoandaliwa.

Dawa iliyo salama kuliko zote ni baridi. Tafuta friza ya duka la samaki au barafu, inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri. Funga nguo kwa nailoni mbili, toa hewa kadiri uwezavyo, iweke wiki nzima. Ukiitoa, usiifungue kabla ya saa 24 kupita, la sivyo maji ya ukungu yatagandia kwenye nguo badala ya kwenye nailoni. Umeme ukikatika barafu ikayeyuka, hesabu inaanza upya. Vitu vyenye shanga za kioo, ngozi au madini msivigandishe bila kumuuliza mtaalamu.

Zile tembe nyeupe za nafthalini ziacheni dukani. Si nzuri kwa mapafu ya mtu anayekaa chumbani kila siku. Karafuu na majani makavu ya mwarobaini ni mila nzuri ya masanduku yetu, na unaweza kuviweka ndani ya vifuko vya kitambaa pembeni ya sanduku, lakini visiiguse nguo, kwa sababu karafuu ina mafuta na mafuta huacha doa. Wala hayo hayakuondolei kazi ya kukagua. Na chetezo kisiingie humo. Moshi wa udi ni raha ya nguo ya kuvaliwa. Katika nguo ya kuhifadhiwa unaacha masizi.

Hatua ya tano: usifue

Hapa ndipo nilipogombana na wenzangu wengi, maana kwetu kupokea nguo ya mtu na kuiacha chafu ni kukosa adabu. Naelewa. Lakini kitambaa cha miaka sitini kikilowa, uzi huwa mzito na huchanika kwa uzito wake wenyewe, na rangi nyekundu ya zamani hukimbilia nyeupe. Tena baadhi ya tunayoyaita uchafu ni habari: jasho la utosini kwenye kofia ya mvuvi, doa la hina kwenye pindo la kisutu, harufu ya asumini ambayo bado ipo ukifungua mkunjo.

Fanya hivi: itandike nguo, weka juu yake wavu laini kama wa chandarua, tumia mashine ya kufyonza vumbi kwa nguvu ndogo kabisa huku wavu ukizuia kitambaa kisivutwe. Kama huna mashine, brashi laini ya rangi za maji, ukifagia kuelekea upande mmoja. Mikono iwe imenawa na kukaushwa, pete na bangili zimevuliwa. Inatosha. Ikiwa nguo ina ukungu mbichi, ianike kivulini penye upepo siku ya kaskazi kavu, si juani.

Hatua ya sita: mahali pa kulala

Sanduku la bati linafaa. Panya halipiti, mchwa haulili. Lakini bati hutoka jasho usiku, kwa hiyo litandike ndani kwa kitambaa cha marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, kilichofuliwa mara tatu nne kwa sabuni ya kawaida, kikasuuzwa hadi maji yatoke meupe, bila wanga wala manukato. Kitambaa hichohicho ndicho kitakachokufaa badala ya karatasi maalumu zinazouzwa kwa makumbusho makubwa. Magazeti hapana: wino wake hutoka na karatasi yake hugeuza nguo kuwa ya manjano. Sanduku la mbao hukubalika likitandikwa vivyo hivyo, kwani mbao nazo hutoa asidi polepole. Liinue juu ya matofali, kiganja kimoja kutoka sakafuni, na uliache mbali na ukuta ili uone njia ya mchwa mapema.

Mkunjo ni kisu kinachokata taratibu. Kanga iliyokunjwa mahali palepale miaka ishirini itachanika palepale. Iviringishe: tafuta mrija wa karatasi ngumu ambao maduka ya vitambaa hutupa, uvishe marekani, viringisha kanga juu yake huku kitambaa kingine chepesi kikiwa katikati, kisha funga kwa utepe mpana bila kukaza. Kanzu na buibui haviviringiki, kwa hiyo vikunje mara chache iwezekanavyo na ndani ya kila mkunjo weka soseji ya kitambaa kilichosokotwa ili mkunjo uwe wa duara. Kofia usiibonyeze bapa. Itengenezee mpira wa marekani uliojazwa pamba safi, mdogo kidogo kuliko kofia yenyewe, uivike juu yake.

Kuhusu unyevu, sipendi kuwadanganya watu wa pwani kwa vipimo vya Ulaya. Vitabu husema hewa ya chumba isizidi unyevu wa asilimia 65, kwa sababu juu ya hapo ukungu huota. Masika yetu hupita hapo kwa wiki nyingi. Unachoweza kufanya ni kuiweka hewa itembee: matundu ya juu na ya chini yaliyozibwa kwa wavu, paa lisilovuja, madirisha kufunguliwa nyakati kavu na kufungwa mvua inapokaribia, na nguo zisibanane. Kipima unyevu kidogo si ghali, nacho kitakufundisha saa za chumba chako.

Hatua ya saba: kuonyesha bila kuua

Tulipofungua mara ya kwanza tulitundika kanga nzuri kuliko zote mbele ya dirisha, ili anayepita njiani aione. Kaskazi moja tu ilipita. Tulipoishusha, upande wa dirishani wekundu ulikuwa umegeuka kuwa kama wa tofali lililonyeshewa, na kivuli cha nondo za dirisha kilikuwa kimechorwa juu ya mji wake. Rangi iliyokwenda na mwanga hairudi, na kila siku ya mwanga hujumlishwa juu ya iliyopita.

Kwa hiyo dirisha la chumba cha maonyesho liwe na pazia zito, au liangalie upande usiopigwa na jua. Makumbusho hupima mwanga kwa luksi, na kwa nguo kikomo ni 50, yaani chumba ambacho unaingia na macho yanahitaji dakika moja kuzoea. Taa iwe ya LED, iwake mgeni anapoingia na izimwe anapotoka. Nguo moja isionyeshwe zaidi ya miezi mitatu au minne kwa mfululizo. Ikapumzike gizani, iingie nyingine. Hili si hasara. Watu wa kijiji watarudi kuona kilichobadilika.

Kanga yenye nguvu unaweza kuitundika kwa kuishonea juu mfereji wa marekani kwa mishono mirefu myepesi, ukapitisha fimbo humo, ili uzito ugawanyike. Yenye udhaifu ilaze kwenye ubao ulioinama, uliovishwa kitambaa. Kanzu ivalishe msalaba wa mti uliozungushiwa pamba na marekani, mabega yakiwa manene kama ya mtu. Usitumie hanga nyembamba ya waya. Weka kamba mbele, mgeni asiguse, na pembeni weka kanga moja ya leo ya kuguswa na kila mkono, maana hamu ya kugusa ni ya haki.

Kibandiko cha maelezo kiwe kifupi na kiwe na sauti ya mtu. "Vazi la asili la wanawake wa pwani" hakisemi kitu. "Kanga aliyoletewa mama mzazi na wifi yake siku ya arobaini, kuomba radhi" kinasema kila kitu. Ila uliza kwanza mwenyewe kama yuko radhi hayo yasomwe na watu, na kama anataka jina lake litajwe.

Hatua ya nane: mkono uhifadhiwe pia

Kofia kumi kwenye sanduku na hakuna anayejua kuishona ni msiba uliopangwa vizuri. Siku moja kwa wiki chumba kiwe cha washonaji. Mwombe fundi mmoja wa kofia akae pale na kazi yake, mlipeni kama fundi, msimlipe kwa soda, na vijana wakae karibu naye. Mwombeni pia ashone kipande kimoja kisichoisha: sehemu ya kwanza mchoro wa penseli mtupu, ya pili matundu yaliyotobolewa, ya tatu viua vilivyozungushiwa uzi, ya nne kazi iliyokamilika. Kipande hicho kitafundisha hata fundi asipokuwepo. Kila fundi ana michoro yake, na majina yake. Yaandikeni majina hayo kwenye daftari pembeni ya mchoro ulionakiliwa, na muulizeni kama anakubali wengine waushone. Mauzo ya kofia mpya mlangoni yaende kwa aliyeshona, na fungu dogo mliloafikiana liingie kwenye mfuko wa chumba.

Hatua ya tisa: mwaka wa nguo

Januari na Februari, kaskazi ikiwa kavu, toa kila kitu, kague, badilisha mikunjo, fua vitambaa vya kutandikia. Machi kabla ya masika, panda juu ya paa. Aprili na Mei, pita kila siku mbili kunusa masanduku, pua hugundua ukungu kabla ya jicho. Kusi likishaingia, badilisha maonyesho. Kabla ya vuli kuanza, paa tena, na hesabu ya vitu vyote dhidi ya daftari, namba kwa namba, watu wawili.

Hatua ya mwisho: wenye nguo waingie kwanza

Siku ya kufungua, viongozi waje saa nne. Wenye nguo waje saa mbili, peke yao, na chai iwepo. Watembezeni polepole, msomeeni kila mmoja kibandiko chake kwa sauti kama haoni vizuri, na daftari liwe wazi mezani na penseli yake imefungwa kwa uzi.

Yule bibi wa kanga nyekundu alikuja na mjukuu wake. Nilimsomea. Akanyamaza kidogo, akagusa kamba iliyokuwa mbele yake.

"Umeandika arobaini ya mtoto wa kwanza."

"Ndiyo, bibi."

"Ni ya wa pili. Wa kwanza hakufika arobaini. Ndiyo maana tulikuwa hatusemezani."

Nikamwomba aketi, nikachukua penseli.